Na Huku Je?

Machi 2

Mvua ya kwanza leo, na paa limevuja palepale. Mwaka jana lilivujia kabatini likaondoka na albamu yetu nzima: harusi, binti akiwa mchanga, mume wangu akiwa bado na nywele. Picha ziligandana, ukibandua moja inakuja na sura ya nyingine. Safari hii nimeweka ndoo mapema. Fundi wa paa ukimpigia anasema yuko njiani. Yuko njiani tangu Desemba, sijui anatokea nchi gani.

Nesi amesema niandike hali ya kidonda kila siku. Ya kidonda nimeandika kwenye karatasi yake. Humu naandika yangu.

Basi hali yenyewe ni hii. Mume wangu ni kinyozi. Mwezi uliopita walimkata uvimbe kwenye taya, upande wa kushoto. Hospitali iko mbali na masika barabara haipitiki, kwa hiyo nesi anataka picha moja kila asubuhi kwa simu: shavu la kushoto, mwanga wa kutosha, mgonjwa asicheke. Mimi kazi yangu ni kupiga picha twiga kwenye mradi wa kuwahesabu. Twiga hawafanani madoa, na madoa ya ubavu mmoja si ya ubavu wa pili hata kwa twiga yuleyule. Kwa hiyo mradi umeamua: kushoto tu. Picha ya upande mwingine haina cha kulinganishwa nacho, inafutwa.

"Kumbe umeniandikisha kwenye mradi," mume wangu akasema nilipomwinamia na simu. "Mkimaliza kunihesabu mnijulishe nimebaki wangapi."

Machi 3

Picha. Kidonda kikavu. Mvua.

Machi 5

Nilipomaliza kupiga asubuhi akageuza uso, akaniletea shavu la pili.

"Na huku je?"

"Huko hakuna kidonda."

"Ndiyo maana nakuuliza. Miaka yote nimeoa mpiga picha, dukani kwangu ukutani kuna kalenda ya duka la saruji. Nipige moja ya maana, na ile kamera kubwa. Nitaitundika kule kazini, juu ya kioo."

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiona kamera anavuta kofia hadi puani! Binti yetu ana picha zake kwenye simu, zote ni kofia na kidevu. Nikamwambia kamera kubwa ni ya mradi na haitoki kambini, nimpige kwa simu. Akakataa. Eti simu imeshazoea kidonda.

"Nenda basi kwa yule wa studio."

"Yule ananipiga kama mtuhumiwa. Nataka wewe."

Nikasema haya, tutaona. Gari lilikuwa linapiga honi nje.

Machi 8

Nimerudi kutoka kambini. Siku nne kwenye gari na Breki, dereva wetu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuikanyaga. Nikiwa huko mume wangu anajipiga mwenyewe asubuhi na kunitumia mimi na nesi. Mtandao tunaupata juu ya mwamba mmoja tu, kwa hiyo jioni napanda na simu mkononi, nasubiri shavu lake lifunguke kidogokidogo kuanzia juu. Kwanza nywele, kisha sikio, kisha kile kidonda.

Nikirudi namwonyesha twiga kwenye kompyuta, naye anawapa majina ya mitindo ya nywele. Kwenye orodha ya mradi wana namba. Kwetu yuko Kipara, dume ambaye ncha za pembe zimenyonyoka nywele kwa kupigana. Yuko Panki. Yuko Denge, jike mwenye duara jeusi chini ya shingo, na ndama wake.

"Huyu Denge hukumpiga wiki hii," akasema.

"Hakuonekana."

"Asipopigwa inakuwaje?"

"Hahesabiwi."

"Hata kama yupo?"

"Hata kama yupo."

Akatikisa kichwa. Akasema hao wasomi wenu wangekuwa vinyozi wangefunga duka.

Machi 14

Kambini. Picha imefika. Ngozi pembeni ya kidonda inang'aa. Nimeikuza mpaka ikawa vidoti. Nesi anasema tuendelee kuangalia.

Machi 15

Inang'aa.

Machi 23

Nimempelekea uji kazini, maana kutafuna kunamuuma. Nimekuta kiti cha kunyolea amekigeuza, kinatazama barabarani. Mteja amefungwa shuka shingoni anaangaliana na wapita njia. Analalamika kwamba haoni anachofanyiwa.

"Mama Picha, mwambie mumeo. Nitajuaje kama amenikosea?"

"Ukifika nyumbani mkeo atakwambia," mume wangu akamjibu, na duka zima likacheka. Mimi nilicheka pia. Ila niliona kwamba tangu niingie hajatazama kioo hata mara moja. Kinyozi! Mtu aliyekaa mbele ya kioo tangu ujana wake.

Mteja alipoondoka nikamuuliza kama anataka nikigeuze kiti. Akasema hapana, huku kuna upepo mzuri.

Nikafuta miguu ya kiti, nywele zilikuwa zimejaa. Akaniletea lile shavu. "Na huku je? Hebu angalia, huku bado ni kijana." Na kweli. Upande ule ngozi laini, kishimo kidogo akitabasamu, sikio limekaa juu kuliko lenzake. Yeye mwenyewe husema hakuna uso ulio sawa pande mbili, na kinyozi asiyejua hilo atawatoa watu vichwa upande. Nikamwambia nitamwomba Msimamizi wa mradi kamera.

Aprili 1

Msimamizi amekataa. "Kamera ya mradi haiendi majumbani, Mama Picha. Leo wewe, kesho mwingine ataipeleka harusini." Nikajibu kwa ukali kidogo. Kwa kweli si kidogo. Breki akanivuta mkono tukaenda kutafuta twiga. Denge hakuonekana.

Aprili 6

Tumetoka hospitali.

Uvimbe umerudi. Daktari alikuwa kijana mpole, akachora taya kwenye karatasi, akapiga mstari. Safari hii watakata na mfupa. Uso hautakuwa ule. Akarudia mara mbili ili tusije kusema hatukuambiwa. Akatupa tarehe, mwishoni mwa mwezi huu. Nikauliza asipokatwa? Akaweka kalamu chini.

Tukatoka mpaka kwenye benchi la nje. Mume wangu akamtazama mhudumu aliyekuwa anapiga deki, akasema, "Yule kijana kanyolewa vibaya sana kisogoni." Nikamwambia acha mzaha, mimi mwenzio nakufa. Akanishika mkono.

"Sikiliza," akasema. "Mimi siogopi kisu. Naogopa kitu kimoja. Binti yetu atakuja kuwa na watoto wake. Watamuuliza babu alikuwaje. Atawaonyesha nini? Hizo za nesi? Kabla hawajanichonga, nipige huku. Moja tu. Halafu wakate wanachotaka."

Nikamwapia. Pale pale kwenye benchi, mbele ya ndoo ya deki, nikamwapia.

Akaongeza: "Na unitoe nikiwa nimenyolewa. Usije ukanipiga na ndevu za mgonjwa."

Aprili 8

Nimemweleza Msimamizi yote. Akasema tukimaliza bonde la mwisho niichukue kamera, nirudi nayo wiki inayofuata, na yeye hajasikia kitu. Nimemshukuru nikalia mbele yake kama mtoto. Breki naye alijifanya anakagua tairi.

Aprili 11

Kambini. Picha imefika. Sitaki kuandika ilivyokuwa.

Aprili 13

Nyumbani. Amekonda. Wifi yangu, dada yake, amehamia kwetu kusaidia. Ni mtu wa kelele na moyo mkubwa. Amefua hata vilivyo safi. Amenisema kwamba mke wa mgonjwa hazururi porini na wanyama. Nikamwambia wanyama ndio wanaolipia dawa. Mume wangu akasema kutoka kitandani, "Mkimaliza kugombana, mmoja aniletee maji."

Nikamwambia bonde la mwisho ni wiki hii, nikirudi narudi na kamera. Akasema sawa, kinyozi mwenzake wa ng'ambo ya barabara atakuja kumnyoa Alhamisi, nimkute tayari.

Aprili 18

Bonde tumelimaliza. Kipara kapigwa, Panki kapigwa, na wengine wote tuliowafuata. Denge na ndama wake hapana. Nimeifunga kamera kwenye kanga mbili na mfuko wa nailoni, naipakata kama mtoto. Tunaondoka alfajiri.

Aprili 19

Mto umejaa. Daraja halionekani. Breki ameingia mpaka magotini, amerudi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ametumia breki.

Tumerudi kambini, nikapanda mwambani. Picha ya leo: amenyolewa vizuri. Ameandika chini yake, "Mteja yuko tayari. Mpiga picha yuko wapi?"

Aprili 20

Mto bado. Viboko wametoka wanatutazama. Picha ya leo amejifunika taulo shingoni. Nimemwambia ajipige kwa simu upande wa pili, sasa hivi, asinisubiri. Amejibu, "Nina mpiga picha wangu."

Mume wangu ni mbishi. Ningekuwa karibu ningempiga kofi, halafu picha.

Aprili 21

Mto bado. Leo hakutuma picha. Nimekaa juu ya mwamba mpaka mvua ikanifukuza. Nikampigia wifi, nikasikia neno "homa" na neno "uje", mtandao ukakata.

Aprili 22

Tumevuka saa nne. Breki aliendesha kwa namna ambayo siku nyingine ningemshtaki. Leo nilimwambia aongeze.

Niliingia ndani na matope mpaka kiunoni, kamera kifuani. Wifi alikuwa mlangoni. Alinipisha tu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa shati lake la bluu, limepigwa pasi. Amenyolewa. Akageuka kunitazama, na huku nako kulikuwa kumevimba. Lile shavu zuri. Jicho limeingia ndani, kishimo hakipo, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Uso ulikuwa umekuwa mmoja, mkubwa, wa mtu nisiyemjua, na ndani yake macho ya mume wangu.

"Umechelewa, mpiga picha," akasema. Maneno yalitoka kwa shida. "Huku nako kumeota."

Jamani. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Nilisema samahani, nikasema mto, nikasema Msimamizi, nikasema ningekupiga siku ile ile ya kwanza, gari lilikuwa linapiga honi. Yeye akawa ananipapasa kichwa, vidole vya kinyozi, vinapima nywele hata wakati huo.

"Nyamaza," akasema. "Umeileta kamera?"

"Nimeileta."

"Basi isirudi bure. Nipige nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kisogoni. Kinyozi anapimwa nyuma. Huyu mwenzangu kanyoa vizuri, angalia mstari ulivyonyooka."

Nikadhani homa inaongea. Lakini alisimama. Alishika fremu ya mlango, akasimama kizingitini akitazama nje, mvua ilikuwa imeanza kukata na mwanga umerudi. Wifi akasema, "Kaka, ukae, utaanguka," naye akamnyamazisha kwa mkono. Nikainuka. Nikafuta lenzi. Nikabana viwiko mbavuni kama ninavyofanya kwenye gari.

Shingo yake. Mstari wa nywele, umenyooka kweli. Kola ya bluu. Masikio mawili, moja juu kuliko lenzake. Kwa nyuma uvimbe hauonekani kabisa. Kwa nyuma alikuwa ni yeye.

Nikapiga moja. Alisema moja.

"Imetoka?" akauliza bila kugeuka.

"Imetoka."

"Nimependeza?"

"Umependeza sana, mume wangu."

Akabaki amesimama vile kidogo, akitazama barabara.

Aprili 25

Hospitali. Kesho asubuhi wanakata. Binti yetu amefika kutoka chuoni, amelala na kichwa miguuni pa baba yake.

Aprili 26

Hakuamka.

Mei 1

Tulimzika jana.

Kabla ya kumzika walitaka picha ya kuweka mbele. Wifi akanijia akiwa amefura macho. "Mama Picha, toa picha ya kaka yangu." Nikafungua simu. Shavu, shavu, shavu, tangu Februari, kila siku moja, mwanga wa kutosha, mgonjwa hacheki. Nilikuwa na picha nyingi za mume wangu kuliko mwanamke yeyote ninayemjua, na zote ni kidonda.

"Mpiga picha mzima," wifi akasema mbele ya watu, "twiga wote unao, mume huna." Alikuwa na haki ya kusema. Aliposema akanikumbatia, tukalia wote wawili mpaka tukaishiwa nguvu.

Nilimwonyesha ile ya kisogo. Akasema watu watatucheka, msiba gani huu wa mtu aliyegeuza mgongo. Tukaenda kwa yule wa studio.

Kijana wa studio ana adabu, sisemi. Akachukua moja ya mwanzo, kabla hakujaharibika sana. Akafuta kidonda kwenye kompyuta, kikaisha kama hakikuwahi kuwepo. Kisha akasema upande wa pili hauonekani, atachukua huu, ataugeuza, ataunganisha. "Hakuna atakayejua, mama." Akabonyeza.

Akatokea mwanamume mzuri sana. Pua katikati, mashavu mawili sawasawa. Masikio yamelingana.

Nikasema, "Huyu simjui."

"Ni yeye, mama, nimemgeuza tu."

"Futa."

Binti yangu akanishika bega, akasema, "Futa tu, kaka. Baba sikio lake moja lilikuwa juu."

Tukamzika bila picha.

Mei 6

Fundi wa paa amekuja. Amesema pole. Ametengeneza, hakutaka malipo. Nilimkasirikia kwa kuja.

Mei 13

Asubuhi nimeamka nikachukua simu nikaenda upande wake wa kitanda, nimeinama kabisa.

Mei 20

Nimerudi kambini. Msimamizi amesema nisiharakishe, nikamwambia nyumbani kuna kazi gani. Breki anaendesha taratibu siku hizi, inaniudhi. Nikamwambia akanyage mafuta, hajabeba mayai.

Jioni, nyuma ya miiba, tukamwona Denge. Peke yake, bila ndama. Alikuwa amesimama upande wa pili, upande usiofaa. Duara jeusi lile lile chini ya shingo. Tulisubiri ageuke. Hakugeuka. Giza lilikuwa linaingia na Breki akasema, "Dada, twende, huo si upande wetu."

Nikapiga.

Mei 21

Msimamizi ameikuta kwenye kadi. "Hii haina kazi, Mama Picha. Siwezi kumhesabu kwa upande huu."

"Najua," nikamwambia. "Usimhesabu. Lakini usiifute."

Akanitazama, akaiacha.

Mei 31

Mvua zimekwisha. Leo nimefungua duka lake kwa mara ya kwanza. Kinyozi wa ng'ambo atalichukua, wateja waliokuwa wakimgoja mume wangu watanyolewa na yeye. Wifi na binti walikuja kusaidia kufagia. Mashine zake zilikuwa kwenye droo, kila moja imefungwa kitambaa.

Kalenda ya duka la saruji nimeitoa. Alitaka picha juu ya kioo, lakini hapo juu sikuweza. Nimeitundika ukutani mkabala na kioo, nyuma ya kiti: ile ya mlangoni, kubwa, kwenye fremu. Wifi aliitazama muda mrefu. Nilingoja kelele zake. Akasogea, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Kanyolewa vizuri." Akatoka nje kulia.

Kisha nikakishika kile kiti nikakigeuza, kikatazama kioo tena. Kilikuwa kizito. Nikakaa ili nione kama kimekaa sawa.

Kwenye kioo nikajiona mimi, nimezeeka. Na nyuma ya bega langu, yeye, shati la bluu, sikio moja juu, amenipa kisogo kizingitini kama mtu aliyekwenda kutazama kama mvua imekata. Nikamwita kwa jina lake, lile la ndani, ambalo humu sijaliandika.

Hakugeuka. Nikakaa pale mpaka binti akaja kuniambia tufunge.